Ukubwa wa Trekta na Kazi za Shamba

Ukubwa wa trekta hupimwa kwa mambo manne: nguvu ya injini, uzito wa mashine, uwezo wa kuinua zana na upana wake. Wauzaji hutanguliza nguvu ya injini kwa sababu ni namba moja tu, imeandikwa ubavuni, na mtu yeyote anaweza kuilinganisha na ya trekta la jirani. Shambani mambo hayo manne hufanya kazi pamoja, na likipungua moja mengine hayawezi kulifidia. Injini yenye nguvu juu ya mwili mwepesi huzungusha matairi bila kusogea. Mwili mzito wenye haidroliki dhaifu hushindwa kuinua plau mwisho wa mstari. Trekta lenye kila kitu lakini pana kupita kiasi hubaki nje ya mibuni, na shamba hurudi kwenye jembe la mkono.

Sura hii inahusu matrekta madogo na ya kati, yaani yale yenye nguvu farasi kati ya 8 na 80, ambayo ndiyo yanayomhusu mkulima wa ekari 5 hadi 150 wa Afrika Mashariki.

Kazi kwanza, ekari baadaye

Swali la kwanza analoulizwa mnunuzi dukani huwa ni la idadi ya ekari. Swali hilo lina nafasi yake, ila peke yake halitoshi. Ekari 20 za mpunga wa umwagiliaji, ekari 20 za kahawa na ekari 20 za malisho ya ng'ombe wa maziwa zinataka mashine tatu tofauti. Mpunga unataka trekta jepesi lisilozama kwenye tope, lenye kuzungusha rotaveta vizuri. Kahawa inataka trekta jembamba linalopita kati ya mistari likiwa na bomba la dawa mgongoni. Ng'ombe wanataka trekta la kukata majani, kuvuta tela la samadi na kuendesha mashine ya kusaga malisho, na mara nyingi liwe na koleo la mbele.

Njia ya uhakika ni kuandika orodha ya kazi zote za mwaka. Kwa kila kazi huandikwa zana inayohitajika, mwezi inapofanyika, na idadi ya siku. Shamba la mahindi na alizeti litakuwa na kulima kwa plau, kupiga haro, kupanda, kupalilia au kunyunyizia dawa, kusomba mavuno kwa tela, na kupukuchua. Orodha ikikamilika, jambo moja hujitokeza katika mashamba mengi: kazi nzito kuliko zote, yaani kulima ardhi kwa mara ya kwanza, huja mara moja au mbili kwa mwaka, lakini kazi nyepesi za kusomba, kufyeka, kunyunyizia na kuendesha mashine ndogo huja kila wiki. Kazi hiyo moja nzito ndiyo inayowasukuma wanunuzi wengi kwenye trekta kubwa kuliko mahitaji ya miezi yote iliyobaki. Kama ni lazima ifanywe na trekta la nyumbani au la kukodi ni uamuzi unaotakiwa kufanywa mapema, kwa sababu ndio unaobadilisha ukubwa wa mashine kuliko uamuzi mwingine wowote.

Udongo ndio mzigo wenyewe

Plau inapozama ardhini, udongo unakataa. Kiasi cha kukataa hupimwa kwa kilo za mvuto kwa kila sentimita moja ya mraba ya udongo unaokatwa. Udongo wa kichanga hukataa kwa kilo 0.2 hadi 0.35. Udongo tifutifu hukataa kwa kilo 0.35 hadi 0.5. Udongo wa mfinyanzi mzito hufika kilo 0.6 hadi 1, na ukikauka huzidi hapo.

Wakulima wanaujua utofauti huo kabla ya vipimo. Usukumani udongo mwepesi wa kichanga huitwa luseni, ule unaoganda na kuwa mgumu huitwa itogolo, na ule mweusi wa mabondeni, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, ni wa mbuga. Mtu mwenye luseni na mtu mwenye mbuga wanaweza kuwa na ekari sawa kabisa, na bado trekta linalomfaa wa kwanza likamshinda wa pili.

Hesabu inaonyesha ni kwa kiasi gani. Plau ya sahani tatu hukata upana wa sentimita 75 hivi. Ikizama sentimita 20, inakata sentimita 1,500 za mraba. Kwenye udongo tifutifu wa kilo 0.5, mvuto unaotakiwa ni kilo 750. Kwenye mfinyanzi wa kilo 0.9, plau ileile, kina kilekile, inataka kilo 1,350. Nguvu farasi 1 ni kuvuta kilo 75 kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Trekta likienda kilomita 5 kwa saa, ambazo ni mita 1.39 kwa sekunde, udongo tifutifu unakula nguvu farasi 14 kwenye ndoano ya kuvutia na mfinyanzi unakula 25.

Namba hizo ni za ndoano, si za injini. Kwenye shamba, karibu nusu tu ya nguvu ya injini, au zaidi kidogo, ndiyo hufika kwenye plau. Iliyobaki hupotelea kwenye gia, kwenye matairi yanayoteleza na kwenye kuusukuma mwili wenyewe wa trekta. Ikiongezwa akiba ya robo moja kwa ajili ya visiki, mapande magumu na miinuko, tifutifu unataka injini ya nguvu farasi 32 hivi na mfinyanzi unataka karibu 60. Tofauti hiyo yote imetokana na udongo, zana haikubadilika.

Historia ya Tanganyika ina funzo kubwa katika jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga kwa mashine, Kongwa ikiwa kituo cha kwanza, kwa lengo la zaidi ya ekari milioni 3. Mashine nyingi zilikuwa mitumba ya jeshi iliyobaki baada ya vita. Udongo wa Kongwa ukikauka hugandamana, na mchanga wake hula chuma. Zana zilichakaa upesi, na wakati wa kuvuna karanga zilikuwa zimefungwa ndani ya ardhi ngumu. Sababu za kuanguka zilikuwa nyingi, ukame ukiwa mojawapo, lakini mashine zilizochaguliwa kabla ya udongo kupimwa zilichangia sana. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na hasara ikafika pauni milioni 36 hivi.

Muda ambao mvua inatoa

Baada ya udongo kuna saa. Ardhi ikiwa kavu mno plau hairushi chochote ila mabonge. Ikiwa na maji mno trekta linateleza na kuukandamiza udongo. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache za kulima vizuri, na upandaji ukichelewa mavuno hupungua. Katika maeneo yenye vuli na masika nafasi hiyo huja mara mbili kwa mwaka. Katika maeneo yenye msimu mmoja huja mara moja, na haina marudio.

Eneo linalolimwa kwa saa hupatikana kwa kuzidisha upana wa zana kwa mita, kasi kwa kilomita, na 0.075. Jibu ni hekta, na hesabu hiyo tayari imetoa robo moja ya muda unaopotea kwa kugeuza, kurekebisha na kujaza mafuta. Plau ya sahani tatu ya mita 0.75 kwa kasi ya kilomita 5 hulima hekta 0.28 kwa saa, yaani ekari 0.7. Kwa siku ya saa 8 ni ekari 5 na nusu. Plau ya sahani mbili ya mita 0.5 hulima ekari 3.7 kwa siku.

Shamba la mfano lina ekari 40, na mkulima anataka limalizike ndani ya siku 20 tangu mvua za kwanza. Siku za mvua kubwa, za ibada na za kurekebisha mashine zikitolewa, zinabaki siku 13 za kazi. Ekari 40 kwa siku 13 ni ekari 3 kwa siku. Plau ya sahani mbili inatosha, na inabaki akiba. Shamba hilohilo likiwa la ekari 80, sahani mbili hazifiki. Hapo mkulima ana njia tatu: trekta kubwa zaidi, dereva wa pili ili trekta lilime pia usiku, au kukodi msaada kwa wiki moja. Njia ya pili na ya tatu huwa rahisi zaidi ya ile ya kwanza, ingawa wanunuzi wengi huikimbilia ile ya kwanza.

Hesabu ya muda huonyesha pia pale trekta lilipo kubwa kupita kiasi. Shamba la ekari 15 likimalizwa kwa siku tatu na trekta la nguvu farasi 75, siku zinazobaki za msimu mashine inalala bandani huku thamani yake ikishuka.

Namba tatu za nguvu

Injini moja ina namba tatu za nguvu. Ya kwanza ni ya injini yenyewe, na ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo ndiyo inayopendwa kwenye matangazo. Ya pili ni ya shafti ya nyuma inayozungusha zana, ambayo mafundi huiita PTO. Hiyo huwa asilimia 85 hadi 90 ya ile ya injini. Ya tatu ni ya ndoano, ambayo imekwisha kuelezwa.

Kila zana inatumia namba yake. Plau, haro na ripa hutumia nguvu ya ndoano. Rotaveta, slasha, mashine ya kupukuchua mahindi, pampu ya maji na mashine ya kufunga majani makavu hutumia nguvu ya PTO, ambayo kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika. Rotaveta inataka nguvu farasi 25 hadi 30 za PTO kwa kila mita moja ya upana. Kwa hiyo trekta la injini ya nguvu farasi 35, lenye takribani 30 kwenye PTO, huendesha rotaveta ya mita 1 hadi 1.2 bila kuhema. Mkulima anayetegemea zaidi rotaveta na mashine za kuzungushwa hupata manufaa mengi kutoka kwenye trekta dogo, kwa sababu nguvu ya PTO haipotei kwenye matairi. Mkulima anayetegemea plau kwenye udongo mzito hupata machache.

Tofauti kati ya namba ya tangazo na namba ya shambani ni ugomvi wa zamani. Mwaka 1919 bunge la jimbo la Nebraska, Marekani, lilipitisha sheria ya kulazimisha kila aina ya trekta linalouzwa jimboni lipimwe kwanza. Muswada uliletwa na mbunge mkulima, Wilmot Crozier, aliyekuwa amenunua matrekta yasiyofikia sifa zilizotangazwa. Vipimo vilianza mwaka 1920 katika Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Lincoln, na taarifa zake hueleza nguvu ya PTO, nguvu ya ndoano, mafuta yanayotumika na uwezo wa kuinua. Nchini Tanzania kazi ya kupima zana za kilimo iko kwa kituo cha CAMARTEC, jijini Arusha. Mnunuzi anayeomba karatasi ya vipimo kabla ya kulipa anatumia haki iliyopiganiwa kwa zaidi ya miaka 100.

Uzito, matairi na mtelezo

Trekta huvuta kwa kushika ardhi, na kushika ardhi kunatokana na uzito. Trekta la magurudumu mawili yanayovuta huweza kuvuta, katika ardhi ya kawaida ya shamba, karibu asilimia 40 hadi 45 ya uzito wake. Hapa ndipo hesabu ya plau inapofunga. Sahani tatu kwenye tifutifu zilitaka kilo 750 za mvuto, na kwa injini pekee nguvu farasi 32 zilionekana kutosha. Lakini kilo 750 zinataka trekta lenye uzito wa kilo 1,700 au zaidi, wakati matrekta mengi ya nguvu farasi 30 yana uzito wa kilo 1,200 hivi. Injini ingeweza, matairi hayataweza. Trekta hilo likipewa sahani mbili, mvuto unashuka hadi kilo 500, na uzito wake unatosha. Kwenye mfinyanzi, sahani tatu zinataka trekta la tani 3 na zaidi, vyuma vya kuongeza uzito vikihesabiwa.

Magurudumu manne yanayovuta huongeza mshiko, na kwa trekta dogo jambo hilo lina maana kubwa kuliko kwa trekta kubwa, kwa sababu uzito wote, hata ule wa mbele, unatumika kuvuta. Katika tope, kwenye mteremko na kwa trekta lenye koleo la mbele, magurudumu manne huwa karibu ya lazima.

Mtelezo wa matairi hupimwa bila kifaa chochote ila chaki na futi kamba. Alama nyeupe huchorwa ubavuni mwa tairi la nyuma. Trekta huendeshwa shambani plau ikiwa juu, na umbali wa mizunguko 10 ya tairi hupimwa. Tuseme ni mita 45. Kisha plau huzamishwa, trekta huendeshwa kwa gia ileile, na mizunguko 10 hupimwa tena. Tuseme ni mita 39. Mita 6 zimepotea, yaani asilimia 13 ya mwendo. Mtelezo wa asilimia 8 hadi 15 ni wa kawaida. Ukizidi 15, dizeli na matairi vinaliwa bure, na dawa yake ni kuongeza uzito, kupunguza kina au kutoa sahani moja. Ukiwa chini ya 8, trekta ni zito kuliko kazi inayofanya, na linabeba chuma na kuikandamiza ardhi bila faida. Kipimo hiki, kinachochukua nusu saa, humwambia mnunuzi mengi kuliko kijitabu cha rangi, na muuzaji mwaminifu hukubali kifanyike shambani kwa mteja kabla ya mkataba.

Uzito una gharama yake ardhini. Magurudumu mazito kwenye udongo wenye maji hubana matundu ambayo mizizi na maji hupitia. Plau ya sahani inayolima kina kilekile kila mwaka huacha chini yake tabaka gumu. Mahindi yaliyo juu ya tabaka hilo hunyauka mapema jua likiwaka, kwa kuwa mizizi imeenda kando badala ya kwenda chini. Tabaka huvunjwa kwa ripa, na ripa inayozama zaidi ya sentimita 30 ni kazi nzito ya trekta kubwa, inayofanywa mara moja kwa miaka kadhaa. Ni mfano mwingine wa kazi ya kukodi.

Mikono ya nyuma

Matrekta mengi ya leo hubeba zana kwa mikono mitatu ya nyuma inayoinuliwa na haidroliki. Mfumo huo uliendelezwa na Harry Ferguson, fundi wa Ireland, katika miaka ya 1920 na 1930. Aliona kwamba zana ikifungwa kwa mikono mitatu badala ya kukokotwa kwa mnyororo, mvuto wake hukandamiza magurudumu ya nyuma na kuongeza mshiko. Kwa hiyo trekta jepesi liliweza kufanya kazi ya trekta zito. Trekta lake la TE20, lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, lilikuwa na nguvu farasi zisizofika 30, na yalitengenezwa zaidi ya 500,000.

Mikono hiyo ina madaraja. Daraja la kwanza lina pini za chini zenye kipenyo cha milimita 22, na hutumika kwenye matrekta ya nguvu farasi 20 hadi 45 hivi. Daraja la pili lina pini za milimita 28, kwa matrekta ya 40 hadi 100. Zana ya daraja la pili haikai vizuri kwenye trekta la daraja la kwanza, na kuilazimisha kwa vichuma vya kuchomelea ni kutafuta ajali. Kwa mkulima anayekusudia kuazimana zana na majirani, daraja la mikono yao ni jambo la kuulizia kabla ya kuchagua trekta.

Uwezo wa kuinua huandikwa kwa kilo, lakini kilo hizo mara nyingi hupimwa kwenye ncha za mikono. Zana haikai hapo. Uzito wake uko nyuma zaidi, na kadiri unavyokwenda nyuma ndivyo uwezo unavyopungua. Plau ya sahani tatu yenye kilo 350 hadi 400 inaweza kuinuka na bado ikainua magurudumu ya mbele ya trekta la nguvu farasi 30. Usukani hauna kazi gurudumu likiwa hewani. Kanuni ya usalama ni kwamba zana ikiwa juu, magurudumu ya mbele yaendelee kubeba angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta.

Nafasi, mistari na mteremko

Kwa mazao ya kudumu, upana huamua kabla ya nguvu. Kahawa ndefu nchini Kenya imezoeleka kupandwa kwa nafasi ya mita 2.74 kila upande. Mibuni ikikomaa na matawi kutanda, njia inayobaki katikati hufika mita 1.5 au pungufu. Trekta la nguvu farasi 75, lenye upana wa karibu mita 2, hupita hapo likivunja matawi yenye matunda. Trekta la nguvu farasi 25 lenye upana wa mita 1.2 hupita bila kugusa. Mizabibu ya Dodoma na miembe michanga ina masharti ya aina hiyo.

Kwa mahindi yaliyopandwa kwa mistari ya sentimita 75, magurudumu hupangwa yaachane sentimita 150 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine, ili trekta litambuke mistari miwili na kila tairi lipite kati ya mimea. Matrekta mengi huruhusu upana huo kurekebishwa, lakini baadhi ya yale madogo sana hayafiki sentimita 150. Urefu wa tumbo kutoka ardhini nao una maana: trekta la chini huvunja mahindi yaliyofika magotini, na hivyo kupalilia au kunyunyizia kwa kuchelewa hakuwezekani.

Vipande vya ardhi vinavyotenganishwa na mitaro, matuta na mipaka hula muda kwenye kugeuza. Katika kipande cha nusu ekari, trekta dogo linalogeuka kwenye nafasi ya mita 5 linaweza kumaliza mapema kuliko kubwa linalohitaji kurudi nyuma mara mbili kila mwisho wa mstari. Lango, daraja la mti juu ya mfereji na mlango wa banda hupimwa pia kabla trekta halijafika.

Mteremko unadai tahadhari ya peke yake. Trekta jembamba na refu ndilo linalopinduka upesi. Ardhi inayopanda zaidi ya mita 1 kwa kila mita 5 za mlalo, kama ilivyo sehemu nyingi za Lushoto, Uluguru na Kigezi, si mahali pa trekta la kawaida kulima kwa kukatiza mteremko. Popote pale, fremu ya kumkinga dereva na mkanda wa kiti ni sehemu ya trekta, si nyongeza ya kupunguzia bei. Dereva akifa shambani, hesabu nyingine zote za sura hii hazina maana.

Madaraja manne

Mambo hayo yakijumlishwa, matrekta ya mkulima mdogo na wa kati hujipanga katika madaraja manne.

La kwanza ni pawatila, trekta la magurudumu mawili lenye nguvu farasi 8 hadi 15, ambalo mwendeshaji hutembea nyuma yake. Makao yake ni majaruba ya mpunga, kama ya Lower Moshi na Mbarali. Ni jepesi, halizami, linageuka ndani ya jaruba, na injini yake huendesha pampu na kuvuta tela dogo. Kwenye ardhi kavu na ngumu halifai kulima, na kulipeleka huko ni kuliua kabla ya wakati.

La pili ni trekta la nguvu farasi 18 hadi 30, lenye uzito wa kilo 700 hadi 1,300. Linafaa bustani za mboga, kahawa, matunda, na mashamba ya mifugo ya ekari 5 hadi 20. Linazungusha rotaveta ya mita 1 hivi na kufyeka majani. Linalima kwa sahani mbili kwenye udongo mwepesi, na hapo ni heri liwe lenye magurudumu manne yanayovuta.

La tatu ni la nguvu farasi 35 hadi 50, lenye tani 1.5 hadi 2.2. Hilo ndilo trekta la shamba mchanganyiko la ekari 20 hadi 60: sahani mbili kwenye udongo wa kati, haro ya wastani, slasha ya mita 1.5, tela la tani 3, mashine ya kupukuchua. Massey Ferguson 135, yenye takribani nguvu farasi 45, iliyoacha kutengenezwa Uingereza katika miaka ya 1970 na bado inaonekana mashambani, ni ya daraja hili.

La nne ni la nguvu farasi 60 hadi 80, lenye tani 2.3 hadi 3.2. Linavuta sahani tatu, tela la tani 5 na ripa. Linamfaa mwenye ekari nyingi, mwenye udongo wa mbuga, au mwenye kulima mashamba ya watu kwa malipo. Ndilo linaloonekana kwa wingi barabarani wakati wa msimu, kwa sababu wenye kukodisha hulihitaji. Mkulima wa ekari 15 anayeiga mkodishaji ananunua mtaji wa biashara ambayo hana.

Gharama kwa ekari

Gharama ya kumiliki trekta husambazwa kwenye kazi linayofanya. Tuseme trekta limenunuliwa kwa shilingi milioni 40, na baada ya miaka 8 linauzwa kwa milioni 16. Limepoteza milioni 24, yaani milioni 3 kila mwaka, kabla ya dizeli, spea na mshahara wa dereva. Likilima ekari 30 kwa mwaka, kila ekari imebeba shilingi 100,000. Likilima ekari 300, kila ekari imebeba 10,000. Namba hiyo ndiyo ya kulinganishwa na bei ya kukodi kijijini. Ikiizidi kwa mbali, mkulima ana njia mbili: kununua trekta dogo zaidi, au kukubali kuwa mkodishaji kwa dhati, akiwa na dereva, daftari la saa na ratiba ya kuhudumia mashine.

Dizeli nayo hufuata kazi. Lita moja hutoa kilowati-saa 3 hivi kwenye PTO. Kulima tifutifu kwa sahani tatu, kwa hesabu ya juu, hutumia lita 8 au 9 kwa ekari. Mfinyanzi hufika 15. Trekta kubwa lililopakiwa vizuri halitumii dizeli nyingi kwa ekari kuliko dogo. Hasara huanza pale trekta la nguvu farasi 75 linapotumwa kubeba magunia mawili ya mbolea.

Spea na fundi huhesabiwa katika ukubwa pia. Trekta la nguvu farasi 40 ambalo chujio, klachi na sili zake zinapatikana mji wa karibu ni kubwa, kwa kazi halisi, kuliko la 50 linalosubiri spea wiki tatu katikati ya mvua. Anayenunua mtumba hukagua mshiko wa klachi, moshi wa injini ikiwa na mzigo, na haidroliki: zana huinuliwa, injini huzimwa, na mikono hutazamwa kwa muda. Ikishuka upesi, sili zimechoka na uwezo wa kuinua ulioandikwa haupo tena.

Mpangilio wa uamuzi, basi, ni huu: kazi za mwaka huorodheshwa, udongo hupimwa, siku za msimu huhesabiwa, zana huchaguliwa, na trekta huja mwisho, likiwa na nguvu, uzito, mikono na upana unaozitosha zana hizo. Kazi nzito ya mara moja kwa mwaka ikiachiwa trekta la kukodi, wakulima wengi wa ekari chini ya 40 watakuta kwamba trekta la nguvu farasi 25 hadi 45 linawatosha. Mwenye mbuga, mwenye ekari nyingi na mwenye kulimia wengine ndio wanaostahili kubwa zaidi. Trekta linalofanya kazi siku nyingi za mwaka ndilo linalojilipa, na hilo kwa kawaida ni dogo kuliko lile mnunuzi alilokuwa akilitazama mwanzo.